LibreOffice Calc: kutafuta kitu huku mteja amesimama kaunta

Nina steshenari ndogo Ngamiani, Tanga. Kompyuta mbili, printa ya mweusi, printa ya rangi ambayo wino wake unakula faida yote, na mashine ya kulaminisha. Watu wanadhani kazi yetu kubwa ni barua za kuomba kazi. Hapana, kwangu ni majedwali: michango ya harusi, hesabu za vikoba, matokeo ya mitihani, nani kalipa pango na nani anakwepa. Mwaka wa tatu huu majedwali yote hayo nayafanyia kwenye LibreOffice Calc, programu ya bure, na leo nataka kuizungumzia kwa jambo moja tu: ukitaka kitu humo ndani, unakipata? Maana mteja wa steshenari hakai kwenye kiti. Anasimama kaunta, funguo za bodaboda mkononi, anakukodolea macho.

Zamani nilikuwa na Excel niliyowekewa na fundi, na sikumuuliza kaitoa wapi. Diski ilipokufa, fundi mwingine akaniuliza kama nina leseni. Sina. Bei yake akanitajia, nikacheka. Akachomeka flashi, akaniwekea LibreOffice, akasema, "Dada, hii ni ile ile tu."

Siyo ile ile. Hesabu ni zile zile, SUM ni SUM na IF ni IF, lakini mahali vitu vilipo ni kwingine kabisa. Nilijiona kama napika jikoni kwa wifi: kila kitu kipo, ila chumvi hujui kaiweka kopo gani, na kuuliza hutaki.

Excel niliyoizoea ni ya kuanzia 2007, ile iliyoondoa menyu za maneno ikaleta utepe wa vichupo: Home, Insert, Page Layout na wenzake, kila kichupo na vitufe vyake vikubwa. Calc ukiifungua ilivyo inakupa mpangilio wa kale. Juu kabisa kuna mstari wa maneno: File, Edit, View, Insert, Format, Styles, Sheet, Data, Tools, Window, Help. Chini yake mistari miwili ya aikoni ndogo ndogo, halafu kisanduku cha jina la seli na upau wa fomula. Kulia kuna paneli ya pembeni, ambayo mimi niliifunga siku ya kwanza kwa Ctrl+F5 na sijaikumbuka tena.

Kuna mzee mmoja, karani mstaafu, huja kuandika hesabu za msikiti wao. Excel aliijulia ofisini miaka ya nyuma, kabla ya utepe. Siku ya kwanza alipokaa mbele ya Calc nilitaka kusimama nyuma yake nimwongoze.

"Shikamoo mzee. Hii nimebadilisha kidogo, nikuonyeshe?"

"Marahaba, mwanangu." Akavuta miwani. "Unionyeshe nini? Hii si ndiyo yenyewe? Nyinyi ndio mlikuwa mmenivurugia."

Akaenda Data, Sort, akapanga majina kwa herufi, akamaliza kabla sijamkorogea kahawa. Kwa hiyo kama wewe uliijua Excel ya 2003 kurudi nyuma, hapa utajisikia nyumbani. Sisi wa utepe ndio tuliopata shida, na shida yangu ilikuja na daftari la harusi.

Mama mmoja, katibu wa kamati, alileta kaunta buku lenye wachangiaji 214. Safu alizotaka: namba, jina, simu, ahadi, alicholipa, baki. Mistari mitatu ya juu nikaweka jina la harusi, tarehe ya kikao na vichwa vya safu. Nikaprinti, kurasa sita. Vichwa vikatoka ukurasa wa kwanza tu, na mistari ya jedwali haikutoka popote. Majina yanaelea kwenye karatasi nyeupe.

"Mwanangu, huyu wa ukurasa wa tatu, hii laki mbili ni ahadi au keshalipa?"

Sikuwa na jibu. Na kwenye kikao cha harusi hilo ni swali la kuvunja undugu.

Kwenye Excel ningekwenda Page Layout, Print Titles, nimalize. Kwenye Calc nilifungua onyesho la kuprinti, hakuna. Nikaingia Format, Page Style, nikapita kichupo kimoja kimoja: karatasi, pambizo, mipaka, kichwa cha ukurasa. Mistari niliipata huko huko: kichupo cha mwisho, Sheet, unatia tiki kwenye Grid. Hapo hapo pia kuna sehemu ya Scale, unaibana safu zote ziingie kwenye upana wa karatasi moja, jambo ambalo tangu siku hiyo nalitumia kila siku ya Mungu. Lakini vichwa vya kurudia havimo. Mama kakaa chini kwenye benchi, kaanza kujipepea na daftari.

Viko Format, Print Ranges, halafu Edit. Linafunguka dirisha dogo lenye Rows to Repeat. Unaandika $1:$3, basi, mistari mitatu ya juu inakufuata mpaka ukurasa wa mwisho. Ukishajua ni sekunde kumi. Lakini nani mwenye akili zake atakwenda kutafuta vichwa vya kurudia ndani ya kitu kinachoitwa eneo la kuprinti? Mwenye kuipanga ana mantiki yake, nimeifikiria sana na nimeielewa: eneo unaloprinti na mistari inayorudiwa vyote ni swali la "nini kitoke kwenye karatasi". Sawa. Mantiki ya aliyeitengeneza, siyo ya mama wa harusi.

Malalamiko mengine ya namna hiyo ninayo mawili. La kwanza, ukitaka kuongeza mstari, mkono unakwenda menyu ya Insert. Haumo. Kuongeza na kufuta mistari na safu kumehamia menyu ya Sheet. Mimi nilishakata tamaa na menyu kwa hilo. Nabofya kulia kwenye namba ya mstari, nachagua Insert Rows Above. La pili ni kitufe cha kurudi nyuma kwenye kibodi, Backspace. Kwenye Excel kinafuta kilicho kwenye seli. Kwenye Calc kinakufungulia dirisha linalokuuliza unataka kufuta nini: maandishi, namba, tarehe, fomula, maoni? Mwezi mzima nilikuwa nalifunga hilo dirisha kwa hasira. Tumia Delete, inafuta moja kwa moja. Leo hilo dirisha nalipenda, kwa sababu naweza kufuta namba za mwezi uliopita nikaacha fomula mahali pake, lakini sitajifanya nililipenda tangu mwanzo.

Sasa aikoni. Hapa sina huruma.

Kompyuta yangu moja ina skrini ya zamani, ile ya mraba, upana wake pikseli 1024. Mistari ya aikoni haitoshi, kwa hiyo zinazobaki zinajificha nyuma ya vimishale viwili vidogo » pembeni kulia kabisa. Vidogo kama mchele. Nilikaa wiki tatu naamini Calc haina kitufe cha chujio kwenye upau huo wa aikoni, kumbe nacho kimefichwa huko pamoja na vingine vingi. Dawa yake: bofya kulia kwenye upau, nenda Visible Buttons, ondoa tiki kwenye vyote usivyovigusa. Mimi niliondoa zaidi ya nusu. Vilivyobaki vikajaa skrini vizuri.

Halafu upau wenyewe unang'oka. Mtoto wa dada yangu alikaa pale jioni moja akicheza na kipanya, akashika vile vidoti vya mwanzo wa upau akauvuta katikati ya skrini. Ukageuka kijidirisha kinachoelea juu ya jedwali la watu. Akaona kosa, akabofya msalaba. Ukapotea kabisa. Asubuhi nafungua, sina pa kubadilisha saizi ya herufi, sina pa kukoleza. Nikadhani programu imeharibika, nikataka kumpigia fundi, ambaye kuja kwake tu ni elfu kumi. Ulikuwa View, Toolbars, Formatting: tiki imetoka, nikairudisha. Baada ya hapo nikabofya kulia nikachagua Lock Toolbar Position, na mlango huo ukafungwa. Kama una watoto dukani, anza na hilo kabla hujaandika hata namba moja.

Ila sikiliza, kuna kitu kuhusu maneno na picha ambacho nilikuja kukielewa nikiwa nje ya duka. Nina binti ananisaidia kazi, ndio kwanza anajifunza. Siku moja nipo sokoni, simu inaita.

"Dada, mteja anataka kichwa kisipotee akishuka chini. Nabofya wapi?"

"Bofya seli B4. Umebofya? Sasa nenda View pale juu, shuka mpaka Freeze Rows and Columns."

"Tayari, dada. Asante."

Nusu dakika, na mimi nimeshika fungu la mchicha. Mistari mitatu ya juu na safu ya kwanza zimeganda, mteja kaondoka na faili lake. Ingekuwa ni kumwelekeza kwa aikoni ningesemaje? "Bofya kale kamraba kenye kamstari kabluu, siyo hako, kale kengine"? Neno linasomeka kwenye simu, linaandikika kwenye karatasi ukabandika ukutani, na mtu akilisahau nusu, nusu iliyobaki inamfikisha. Mimi nina karatasi hiyo ukutani kweli, mistari kumi na mbili, imelaminishwa. Kwa wenye duka na msaidizi, hii peke yake inatosha kusamehe makosa yote ya hapo juu.

Kinachoniudhi ni kwamba maneno yenyewe ni ya Kiingereza, na binti kaishia kidato cha nne bila kukipenda Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice yenye menyu kwa Kiswahili, na LibreOffice ni tawi lililochipuka kutoka OpenOffice hiyo hiyo mwaka 2010. Kwa hiyo hili si jambo la ndoto, lilishafanyika hapa hapa. Binti yangu anasema "Fomati" na "Tuulisi" na mambo yanakwenda.

Nirudi kwenye harusi, maana daftari lile lilinifundisha na jambo jingine, hili la kheri. Mama katibu alikuwa amejumlisha mwenyewe kwa kalkuleta ya simu: zilizolipwa 6,430,000. Calc inasema 5,980,000. Laki nne na nusu hazionekani, na mama ananitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Nikahakiki fomula, inaanzia mtu wa kwanza mpaka wa mwisho. Nikamwambia binti asome daftari na mimi nifuate skrini, tukafika jina la sitini hivi tukachoka.

Kuna kitu kwenye menyu ya View kinaitwa Value Highlighting, au Ctrl+F8. Nilikuwa nimekipita mara nyingi bila kujua ni cha nini. Nikakibonyeza kwa kubahatisha. Jedwali zima likabadilika rangi: namba zikawa za bluu, fomula za kijani, maandishi yakabaki meusi. Na kwenye safu ya waliolipa, katikati ya bluu, seli saba nyeusi. Watu watano wa elfu hamsini na wawili wa laki moja. Binti alikuwa amewaandika kama walivyo kwenye daftari: 50,000/=. Ile alama ya /= inaifanya seli iwe maandishi, na SUM inayaruka maandishi bila kusema neno. Kwa kawaida ungeshtuka kwa sababu maandishi hukaa kushoto na namba kulia, lakini mimi nilikuwa nimeshailazimisha safu nzima ikae kulia ili ipendeze.

Nikachagua safu, Ctrl+H, nikatafuta /= na kuibadilisha kwa patupu, Replace All. Seli saba zikageuka bluu mbele ya macho yetu, jumla ikaruka 6,430,000. Mama akasema "Ee, hapo sasa." Na kwa kuwa yeye anaitaka ile /= kwenye karatasi, nikaenda Ctrl+1, kwenye kisanduku cha Format Code nikaandika #,##0"/=", namba ikabaki namba na alama ikaonekana. Tangu hapo kila jedwali la fedha linaloingia dukani kwangu nalipiga Ctrl+F8 kabla ya kumpa mtu jumla. Excel niliyokuwa nayo haikuwa na kitufe cha kunipakia rangi jedwali zima hivyo kwa mkupuo. Ilikuwa inaweka kapembetatu ka kijani kwenye kona, kadogo, ambako nilikazoea mpaka nikaacha kukaona.

Ukikwama kabisa, bonyeza Shift+Esc. Ni toleo la 7.2, la mwaka 2021, lililoileta hiyo. Kinatokea kisanduku, unaandika neno, inakuletea kila kilichomo kwenye menyu chenye neno hilo pamoja na njia yake. Andika "print", utaona Print Ranges na pale ilipo chini ya Format. Ningekuwa naijua siku ya harusi, mama asingejipepea. Ina kasoro yake: inasoma majina ya kwenye menyu tu, haiingii ndani ya madirisha. Ukiandika "grid" ukitegemea ile tiki ya kuprinti mistari, hiyo haikuletei. Kwa hiyo karatasi yangu ya ukutani bado ina kazi.

Wanaotoka Excel ya leo wasikate tamaa mapema kama mimi. Kwenye View kuna User Interface. Ukiifungua unachagua sura ya programu, na mojawapo, Tabbed, inakupa vichupo vinavyofanana na utepe. Nimemwekea binti kwenye kompyuta yake kwa sababu huko alikojifunza walitumia utepe. Nilijaribu na mimi wiki mbili. Vitu vikubwa unavipata haraka, vile vya mara moja kwa mwezi vinajificha, na skrini yangu ya mraba ikabanwa tena. Nikarudi kwenye menyu. Kwenye dirisha la kuchagua kuna kitufe cha kuibadilisha Calc peke yake na kingine cha kubadilisha programu zote za LibreOffice. Angalia unabofya kipi, mimi nilibadilisha mpaka Writer, ile ya kuandikia barua, bila kukusudia.

Google Sheets nimeigusa. Menyu zake ni za maneno vile vile, na ina kutafuta ndani ya menyu kwa Alt na mkwaju. Nzuri, kwa mwenye bando lisiloisha.

Jambo la mwisho, ambalo wateja ndio walionifundisha. Calc ukiiacha ilivyo inahifadhi kwa umbo lake, .ods, na mtu ukimtumia hilo WhatsApp anakupigia kuwa faili halifunguki kwenye simu yake. Nenda Tools, Options, Load/Save, General, pale kwenye Always save as weka Excel. Usipoweka hivyo halafu ukahifadhi kwa umbo la Excel, itakuuliza swali lile lile la umbo kila ukihifadhi, na utakuwa unalijibu mteja amesimama.

Yule mama harusi yake ilipita salama. Mwezi jana karudi na daftari jipya, la mtoto wa pili, wachangiaji zaidi ya mia tatu. Kabla hajakaa kwenye benchi kaniambia, "Na ile yenye vichwa kila ukurasa, eeh?" Nikamwambia binti afungue Format.